Mtoto Aliyechuchumaa Katikati ya Mchezo

Wanangu mlioingia kwenye kazi hii juzi juzi, mwenzenu mmoja alinijia nyumbani akaniambia niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Nikamwambia sikusoma sana, niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililirudia. Akasema, "Andika vivyo hivyo unavyoongea, mama." Basi naandika. Mimi hupenda kujiandikia mambo yangu madogo madogo jioni, yananisaidia kufikiri. Lakini kuwaandikia watu wengine ni jambo jingine, maana mtu akisoma anaweza kudhani kwamba najua. Yapo ninayoyajua, na yapo ambayo mpaka leo nayageuzageuza sipati jibu. Nitajaribu kuwaambia lipi ni lipi.

Kituo chetu mnakijua, kipo upande wa Msambweni, nyumba mbili na miarobaini. Enzi zile choo kilikuwa kimoja na gari lilikuwa moja, na gari ndilo lililokuwa likiharibika zaidi. Kinaendeshwa kwa sadaka za watu, wa hapa na wa nje. Sisi hatukumpasua mtoto yeyote. Kazi yetu ilikuwa kuwatafuta watoto wenye maradhi makubwa huko ndani ambako barabara zinaishia, kuwapa nguvu ya kusafiri, kuwapeleka hospitali kubwa Mombasa wakija madaktari wageni wa kupasua moyo, kisha kuwafuata nyumbani kuona wanaendeleaje.

Mimi niliingia kama mpishi wa uji. Akina mama walipenda kukaa jikoni kwangu, na huko wakasema mambo ambayo hawakumwambia daktari. Daktari Owuor akaliona hilo. Siku moja akasema, "Huyu mama mtoeni kwenye sufuria, apande gari." Sijui kama aliamua vizuri. Ninachojua ni kwamba uji uliharibika tangu siku hiyo, na watu walilalamika mpaka nilipostaafu.

Owuor alikuwa mtu wa bara, kutoka kule ziwani. Alikuwa na haraka ya maneno na haraka ya miguu, lakini hakumkaripia mgonjwa hata siku moja, na hilo naliandika kwa sababu baadaye nitaeleza jambo ambalo hakulifanya vizuri. Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama. Nyinyi sasa mna kile kibanio cha kidole kinachotoa namba, na mna mashine ya kuuona moyo inayoingia mfukoni. Sisi tulikuwa na macho. Alikuwa ananiambia, "Mama Mwende, usitazame mdomo, mdomo wa mtoto mweusi utakudanganya. Mwambie atoe ulimi, umpeleke penye jua." Ulimi ukiwa kama umekula zambarau, na zambarau si msimu wake, andika jina la mtoto huyo. Tazama kucha pia, kama zimejiviringa na ncha za vidole zimevimba kama vichwa vya vijiti vya kupigia ngoma. Kibanio kikiisha betri bado mtakuwa na ulimi na jua.

Na jambo la tatu ni kuchuchumaa. Watoto wa namna fulani ya ugonjwa wa moyo, wale ambao moyo una tundu ndani na njia ya kupeleka damu mapafuni imebana, wakikimbia kidogo hukatika pumzi, basi huchuchumaa. Hawakufundishwa na mtu. Magoti yakibana tumbo, damu inapata njia kidogo, na mtoto anapata nafuu. Nilifika shule moja nikamkuta mwalimu anamwita mtoto wa namna hiyo "mheshimiwa", kwa sababu kila wakipanga mstari yeye anakaa wenzake wamesimama. Hakuwa akimwonea kwa ubaya, alidhani ni mvivu. Nilipomweleza alikwenda nyuma ya darasa, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Kwa hiyo nanyi mkimwona mtoto amechuchumaa katikati ya mchezo, msimwite mvivu, mwambieni atoe ulimi.

Ndivyo tulivyompata Mishi.

Mishi alikuwa anakaa Mkongani na baba yake Hamisi, mkulima wa mahindi na mihogo, na mama yake. Alikuwa binti wa umri wa kuanza shule ambaye hajaanza, kwa sababu shule ilikuwa ng'ambo ya bonde na hakuweza kulipanda. Tulikuwa tumekwenda kumwona mtoto mwingine. Kundi la watoto likatukimbilia, na mmoja akabaki nyuma kule njiani, kachuchumaa, mikono imekumbatia magoti, anatutazama kwa subira kama mtu anayengoja mvua ipite. Owuor alisimamisha maneno katikati. Hatukuhitaji hata ulimi.

Mambo yakaenda haraka. Tulimpeleka Mombasa, mashine ya kule ikathibitisha. Madaktari wageni walikuwa wanakuja, na kitanda kikapatikana. Tukarudi Mkongani, Hamisi akaelezwa, akaulizwa, akakubali, akatia sahihi. Mama yake Mishi alikuwa ameketi pembeni ya mkeka kwa muda wote huo, na alipoulizwa kama ameelewa alisema ameelewa. Kulikuwa na jambo moja tu la kutushughulisha, nalo ni damu. Hospitali ilitaka jamaa za mtoto watoe damu kabla, na waliojitokeza walikuwa Hamisi mwenyewe na ndugu yake mmoja. Tukasema tutatafuta mbele ya safari.

Dereva wetu Bakari, Mdigo wa huku huku, alikuwa anafuta vioo vya gari. Tulipopanda kurudi akasema, "Na mjomba je?"

Owuor akacheka. "Mjomba gani tena, Bakari? Baba mtu yupo pale, kakubali."

"Nauliza tu, daktari," akasema Bakari, akatia gia.

Mimi nami nilicheka. Mimi ni Mkamba wa skimu ya Shimba Hills, yale mashamba waliyogawiwa watu wa bara na serikali, nimezaliwa huku lakini nyumbani kwetu baba akisema limekwisha semwa. Kusema haki, Bakari hakurudia, na kusema haki zaidi, hatukumpa nafasi ya kurudia.

Siku ya kumchukua tulifika Mkongani asubuhi, umande haujakauka. Hamisi alikuwa amevaa shati lake la kwendea mbali. Mishi alikuwa amesukwa, amepakwa mafuta, anang'aa. Mama yake alikuwa ameketi kizingitini, hana mkoba wala kanga ya safari, anachambua mchele ambao nadhani ulikuwa umekwisha chambuliwa.

"Mama Mishi, twende, gari limefika," nikamwambia.

"Naliona."

"Basi, mbona umeketi?"

"Baba yake amesema. Nami nimesikia." Akaendelea na mchele.

Sisi tukadhani anaogopa kisu. Owuor akachuchumaa mbele yake, akachora moyo kwenye mchanga kwa kijiti, akaonyesha tundu, akaonyesha njia iliyobana. Alieleza vizuri sana, mimi mwenyewe siku hiyo ndipo nilipouelewa moyo. Mama akatazama mpaka mwisho, akasema, "Ahsante, daktari." Hakuinuka. Nikajaribu mimi, nikamwambia habari za watoto waliopona. Akasema, "Mungu ni mkubwa." Hakuinuka. Hamisi akaanza kupandisha sauti, "Wewe unataka kuniaibisha mbele ya watu?" Yeye akamjibu kwa upole, "La, baba Mishi, mimi siwezi kukuaibisha." Jua likapanda, na kile kitanda kilikuwa lazima kishikwe siku hiyo hiyo, la sivyo kinapewa mtoto anayefuata. Tulipoteza asubuhi nzima tukimhubiria mtu ambaye hakuwa na pingamizi na mahubiri yetu.

Mwisho Bakari akatoka garini. "Daktari, niwie radhi. Huyu mama hakatai operesheni. Kaka yake hajaambiwa."

Owuor akamgeukia mama. "Ni kweli?"

"Kweli," akasema. "Kaka yangu Rashidi ndiye aliyenilea. Mtoto huyu ni wake pia. Siwezi kumpeleka akafunguliwe kifua, na mjomba wake anasikia dukani."

"Mbona hukutuambia tangu siku ile?"

"Siku ile mliuliza baba yake yuko wapi, nikawaonyesha."

Hapo Hamisi akasema neno ambalo naliandika kwa sababu naye ana haki ya kusikilizwa. "Dini inasema mtoto ni wa baba. Serikali inasema. Hata hawa wamekuja kwangu. Sasa mimi hapa ni baba au ni kivuli?" Hata leo ningeulizwa hivyo na Hamisi nisingejua nianzie wapi. Kwa Wadigo upande wa mama una uzito ambao sisi wa skimu hatukuuzoea, na mjomba ana usemi juu ya watoto wa dada yake. Wengine siku hizi wameliacha, wengine wamelishika nusu, na huwezi kujua nyumba ipi ni ipi mpaka uulize. Nasi hatukuuliza.

Tukapiga simu, simu ya Rashidi ikawa imezimwa. Alikuwa Waa, timboni, kule wanakokata mawe ya kujengea. Owuor akasema, "Twendeni. Bado tunawahi." Tukamwacha Mishi kizingitini na mama yake, tukateremka kwa kasi mpaka meno yakagongana.

Timbo ni shimo pana jeupe, na watu wake ni weupe kwa vumbi, mpaka kope. Tulisimama ukingoni. Rashidi alikuwa chini na sururu yake, mtu mfupi mwenye mabega makubwa. Owuor hakuteremka. Alikuwa anatazama saa. Akaita kutoka juu, kwa haraka yake ile, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kwamba yeye ni daktari, kwamba mpwa wake ana ugonjwa wa moyo, kwamba anapelekwa leo hii Mombasa, na gari linangoja.

Rashidi akaegemea sururu. "Karibuni. Mmekuja kuniuliza au kuniambia?"

Owuor alikuwa mkweli, huenda kupita kiasi. Akasema, "Nimekuja kukwambia, bwana. Muda hatuna."

"Basi mmekwisha kuniambia," akasema Rashidi, akarudia jiwe lake.

Wenzake wakacheka kule chini. Mmoja akasema, "Ongea na jiwe, daktari, Rashidi ameshamaliza." Bakari aliteremka shimoni, akazungumza naye Kidigo kwa muda, akapanda akitikisa kichwa. "Anasema leo ana kazi. Hajakataa. Anasema mtu akitaka kumuuliza jambo, nyumba yake inajulikana."

Kitanda kile alipewa mvulana wa Lunga Lunga. Alipasuliwa, akapona, na mara ya mwisho niliposikia habari zake alikuwa anafukuzwa kwenye miembe ya watu. Kwa hiyo siwezi kusema ilikuwa hasara tupu, kwa sababu yule naye ana mama.

Lakini Mishi alibaki, na madaktari wageni hawangerudi mpaka baada ya masika.

Tulipofika Ukunda Owuor akasema, "Mama Mwende, baba alikwisha tia sahihi. Kwa sheria ningeweza kumbeba."

"Na mama mtu angekaa naye hospitali?"

"Hapo ndipo penyewe," akasema. Kisha akaongeza, "Na akifa kabla masika hayajakwisha, itakuwa ni kwa sababu ya salamu?"

Wanangu, swali hilo ndilo ninaloligeuza mpaka leo. Nikisimama upande wa daktari naona kweli, kwamba mtoto anaweza kufa wakati watu wazima wanangojana. Nikisimama upande wa Rashidi naona kweli nyingine, ambayo nilikuja kuielewa baadaye. Msije mkasema Mama Mwende kasema mila kwanza. Sikusema hivyo. Nasema ulizeni mapema, siku ya kwanza, kabla ya kitanda, ili msije mkalazimika kuchagua. Swali lenyewe ni jepesi: "Katika nyumba hii, ni nani mwingine anayepaswa kuulizwa?" Muulizeni mama, na mumuulize akiwa peke yake jikoni.

Miezi ile ya kungoja ndiyo iliyokuwa ngumu. Owuor alimfundisha mama yake Mishi nini cha kufanya mtoto akibadilika rangi. Tulikunja kanga ikawa mtoto wa bandia, tukamwonyesha: mlaze chali, kunja magoti yake uyasukume mpaka kifuani, shikilia hapo hapo, mwimbie au mnyamazishe kwa namna yoyote, usimwache alie, na umpe maji kila mara, hasa siku za joto, maana damu yao ni nzito na ikikauka inazidi kuwa nzito. Mama alifanya mara moja tu na ile kanga, akasema, "Nimeelewa." Sisi tulikwisha jifunza kwamba akisema ameelewa, ameelewa kweli.

Siku moja nilikuwa pale nimekwenda na dawa. Ndugu yake mdogo Mishi akamnyang'anya muwa. Kitu kidogo hivyo. Mishi akalia, akalia kwa hasira, na sauti ikakatika kama redio iliyozimwa. Uso ukawa rangi ya jivu, kisha ukawa wa zambarau, shingo ikalegea. Mimi niliyekuwa nikifundisha watu nilisimama na chupa ya dawa mkononi. Mama yake alikuwa amekwisha kumlaza, amekwisha kukunja magoti, anamsemesha sikioni kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza bei ya mchicha. Hamisi alikuwa amepiga magoti upande wa pili, anapepea kwa mfuniko. Rangi ilirudi polepole. Mishi alipofumbua macho alisema, "Muwa wangu."

Hamisi akatoka nje. Nikamkuta ameshika ukuta. Akaniambia bila kunitazama, "Nendeni kwa shemeji yangu. Nendeni mkamuulize. Mimi nimekwisha kuwa kivuli, basi na niwe, mradi mtoto apone."

Tulikwenda Waa siku ya Ijumaa baada ya swala, nyumbani si timboni, mimi na Owuor na Bakari. Bakari alitutangulia kupiga hodi. Owuor alivua viatu, akaamkia mama mzee wa nyumba hiyo, akaketi mkekani na miguu yake mirefu haijui pa kukaa. Tukaletewa maji, tukaulizana hali, habari za mvua, habari za safari. Nilimwona Owuor akiitaka saa yake kwa macho, lakini hakuitazama. Mpaka Rashidi mwenyewe akasema, "Haya, daktari. Kumradhi, siku ile nilikuwa na vumbi."

"Nami nilikuwa na haraka," akasema Owuor. "Leo nimekuja kuuliza."

"Uliza."

Akauliza. Akaeleza moyo, akaeleza tundu. Rashidi akasikiliza, kisha akasema, "Sasa na mimi nikuulize. Wote hupona?"

Nilijua Hamisi alikuwa ameambiwa habari njema zaidi ya habari mbaya. Hatukumdanganya, tulimpunguzia tu, kama watu wengi wanavyofanya wakitaka mtu akubali. Owuor akasema, "La. Wengi hupona. Wapo wanaofia pale pale mezani, na wapo wanaofariki baada ya siku chache. Mishi amechelewa, kwa hiyo kwake hatari ni kubwa zaidi kuliko wengine. Bila kupasuliwa, sidhani kama atafika utu uzima."

Mama mzee akasema, "Lahaula."

Rashidi akatikisa kichwa taratibu. "Hilo ndilo nililolitaka. Msidhani nilitaka kuku au heshima ya bure. Sikiliza, daktari. Mtoto akifa, Hamisi atapewa pole, na ni haki yake, ni mtoto wake. Mimi nitaulizwa. Ukoo mzima wa dada yangu utaniuliza, 'Alipofunguliwa kifua wewe ulikuwa wapi? Uliambiwa nini?' Nitajibu niliitiwa kutoka juu ya shimo? Sasa nikiulizwa nina la kujibu. Niliambiwa anaweza kufa, nikasema apelekwe." Akanigeukia. "Mama, anapelekwa lini?"

"Baada ya masika, inshallah. Lakini bado kuna shida ya damu."

"Damu ya nani?"

Nikamweleza kwamba hospitali inataka jamaa watoe. Akatutazama kama watu waliokuja kukopa maji na huku wamesimama kisimani. "Na mlimwendea Hamisi peke yake? Upande wa mama hamkuuliza hata damu?"

Siku ya kutoa damu walikuja wengi mpaka muuguzi akauliza kama ni mkutano wa siasa. Walikuja wajomba, mama wadogo, binamu, na kundi la timboni ambalo nusu yao hawakuwa na udugu wowote ila sururu. Hamisi na ndugu yake walikuwa wametangulia, na Hamisi ndiye aliyewaonyesha wengine pa kuketi, hilo nililifurahia. Jitu moja la timboni, lenye mikono kama magogo, liliona sindano likalegea likaanguka na benchi lake. Wenzake walicheka mpaka wakakatazwa. "Mpigieni mwenye timbo! Ukuta umeporomoka!" Akazinduka anauliza, "Mmekwisha kunitoa?" Hakuwa ametolewa hata tone. Akaketi tena, akafumba macho, akatoa. Tangu siku hiyo mjue: kwanza wapeni chai yenye sukari, na wakubwa wa mwili wawekeni karibu na ukuta.

Mambo mengine ya siku za hospitali nayaandika kwa ufupi, yatawafaa. Waambieni akina mama mapema kuhusu lifti, kwamba ni chumba kinachopanda na hakuna aliyemezwa. Wabebe kanga ya ziada na chaja ya simu. Mtoto akiwa na hirizi, msiikate. Mwombeni mama aivue mwenyewe na aishike mkononi mpaka mtoto atoke. Na mkitoka Nairobi na lugha yenu ya mjini, msimwambie bibi wa Mkongani, "Mathe, mtoi yuko fiti?" kwa maana ya mama, mtoto hajambo. Mmoja wenu alisema hivyo mbele yangu, na bibi akamjibu, "Anza na shikamoo, mengine tutayatafuta pamoja."

Asubuhi ya kupasuliwa, karatasi ya mwisho ililetwa, na ilitaka sahihi ya mzazi. Hamisi akaishika kalamu, akamtazama Rashidi. Rashidi akasema, "Tia, shemeji. Mimi nimekwisha kuulizwa." Hamisi akatia. Mishi alisukumwa kwa kitanda chenye magurudumu, akafurahia magurudumu, akasema, "Haraka zaidi!" Milango ikafungwa.

Haikuwa rahisi. Alitoka mezani hai, lakini siku zilizofuata homa ilipanda, na palikuwa na mchana mmoja ambao daktari mgeni alipita mbele yetu bila kutusalimu, na sote tukaelewa. Owuor alikuja kutoka Msambweni akaketi nasi kwenye benchi. Rashidi alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti, na nilijua anafanya mazoezi ya majibu. Kisha homa ikashuka. Sijui ni dawa ipi, sijui ni dua ya nani, na sitajifanya najua.

Niliwafuata nyumbani Mkongani baada ya kovu kukauka, kama ilivyo desturi yetu. Rashidi naye alikuwa amekuja kuwatembelea. Tulikuwa barazani. Mama alikuwa anapepeta mchele. Watoto walikuwa wanakimbizana uwanjani, na Mishi alikuwa miongoni mwao, anakimbia vibaya, mikono inarushwa huku na huku, maana alikuwa hajawahi kujifunza. Hamisi alikuwa anaangalia kama mtu anayeangalia mechi.

Mara Mishi akasimama. Akachuchumaa, katikati ya mchezo.

Ungo ulianguka, mchele ukamwagika wote. Hamisi aliruka ngazi ya baraza. Lakini Rashidi ndiye aliyefika kwanza, sijui alikimbiaje na mwili ule, akapiga magoti mchangani, mikono imeshatangulia kumlaza na kumkunja magoti.

"Mjomba, niache!" akapiga kelele Mishi. "Utamkanyaga! Sisimizi amebeba bawa la panzi, tazama!"

Mimi nilitazama ulimi wake alipokuwa anasema. Ulikuwa mwekundu.

Rashidi alibaki pale pale chini, amechuchumaa, mikono imekumbatia magoti, anatweta. Mishi akamwangalia kwa muda, akaweka kiganja mgongoni mwake.

"Pumzika, mjomba," akamwambia. "Kaa hivyo hivyo. Itapita."